Ukurasa Usiosamehe

Nyumbani kwao walimwita Injinia, ingawa kazi yake ilikuwa kutengeneza kurasa za mtandao, na jina hilo lilimvimbisha kichwa kweli kweli. Dada yake mkubwa, aliyeanzisha shule ndogo ya chekechea kwa jasho lake, alipomwomba ukurasa wa kuwatangazia wazazi habari za shule, Injinia aliona amepata pa kuonyeshea ufundi.

"Mtengenezee kwa HTML," mwenzake wa meza ya pili ofisini alimshauri, akitaja lugha ya kawaida ya kuandikia kurasa. "Atakuwa anaandika mwenyewe. Akisahau kufunga alama, HTML inalipuuza kosa lake, maisha yanaendelea."

"HTML ni ya wavivu. Mimi namwekea XHTML, tena ile kali."

Ukali ulikuwepo kweli. Katika XHTML ile, toleo kali la lugha hiyohiyo, kila alama inayofunguliwa lazima ifungwe. Ikibaki moja wazi, kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, kinagoma kuonyesha ukurasa mzima. Injinia aliyajua hayo yote. Akamfundisha dada yake harakaharaka jinsi ya kukoleza maneno yaonekane mazito, kwa alama ya kufungua mbele na ya kufunga nyuma, jicho moja kwenye simu yake, halafu akaenda zake.

Jioni moja bomba la maji la shule likapasuka. Dada akaandika kwamba kesho yake watoto wachukuliwe mapema, saa nne asubuhi. Maneno "saa nne" akayakoleza ili yasimpite mtu, na alama ya kufunga akaisahau. Wazazi waliofungua ukurasa walikuta mstari mwekundu usioeleweka. Wakadhani mtandao unasumbua, wakaendelea na mambo yao.

Kesho yake watoto walikaa getini juani wakisubiri. Mmoja wao, binti mdogo, alichoka kungoja, akamponyoka mlezi na kuvuka barabara kubwa peke yake. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyemshika mkono. Hakuumia, lakini mama yake alifika shuleni peku, huku analia.

Dada akapiga simu. "Mdogo wangu, ule ukurasa umepatwa na nini?"

Injinia aliangalia mara moja tu, akajua. Neno la kukiri kwamba ukali ule aliuchagua yeye alikuwa nalo mdomoni, akalimeza. "Hukufunga alama, dada. Si nilikuonyesha?"

"Basi kosa ni langu."

"Ndiyo hivyo."

Wala hakudanganya, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipokuwa. Dada akawaomba radhi wazazi mmoja mmoja. Mama wa yule binti akamhamisha mwanawe hata hivyo. Injinia akaugeuza ukurasa kuwa HTML kimyakimya, kazi iliyokwisha kabla chai yake haijapoa.

"Umehamia kwa wavivu?" mwenzake akamtania.

Siku chache baadaye alipita shuleni. Dada yake alimvuta mkono hadi kwenye kompyuta, uso umechanua.

"Njoo uone! Nimetangaza mkutano wa wazazi na hakuna kilichoharibika. Nimefanya mazoezi mpaka vidole vinauma. Nilikuwa naogopa hata kuugusa ukurasa wenyewe, unajua?"

Injinia akatazama. Kuanzia neno "Jumamosi" hadi chini kabisa, maandishi yote yalikuwa yamekolea. Alama ilibaki wazi vilevile kama siku ile. Angenyamaza, dada angefurahi, na mambo yangeishia hapo.

"Dada, hata leo hukufunga."

"Mbona unaonekana?"

"Nimeubadilisha. Sasa unasamehe. Ungeweza kuwa hivi tangu mwanzo. Niliambiwa, nikakataa kwa kutafuta sifa."

Dada akaketi taratibu. Akamwangalia mdogo wake kama anayemhesabia umri upya.

"Kwa hiyo siku ile nilipompigia magoti mama wa yule mtoto, wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Injinia alitamani afokewe, hata apigwe kibao. Dada hakufanya lolote kati ya hayo. Alizima kompyuta, akachukua mkoba wake na kusimama mlangoni.

"Twende. Yule mama anakaa mtaa wa nyuma. Mimi nitakusindikiza mpaka nje tu. Hodi utapiga mwenyewe."