Barua ya Saimon

Anayesema kazini hakuna urafiki hajawahi kula wali maharage na Saimon kwa Mama Zabibu, nyuma ya stendi. Miaka kumi na moja, bwana. Mimi karani wa stoo kwenye kampuni ya vifurushi hapa Songea, yeye mpeleka mizigo wa pikipiki. Kutwa nzima hatuonani, lakini saa saba mchana tuko benchi moja. Tangu mke wangu afariki na binti yetu aolewe Mbeya, yule bwana mdogo ndiye mtu pekee aliyekuwa akiniuliza nimelalaje. Nalisema hili mapema usije ukadhani nilimchukia.

Mwezi wa pili alikuja mgeni kutoka makao makuu Dar, dada mmoja mpole anaitwa Shakila, na kompyuta yake kwapani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja tukaugua. Alitukusanya kati ya maboksi akatueleza kwamba kampuni inajipanga upya, na wapeleka mizigo wote wanageuzwa mawakala. Yaani kila mtu na pikipiki yake, hupati kitu mpaka ufikishe mzigo, likizo hakuna, na ukiugua shauri yako. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimewabana, ndiyo maana wakaacha mlango mmoja wazi: kila mtu atapewa barua yenye fomu ndani. Anayetaka kubaki kwenye ajira aijaze, airudishe ndani ya siku saba tangu kupokea barua. Atakayekaa kimya, amekubali uwakala. Walitegemea kuwa sisi wa huku barua hatusomi. Hata sisi wa stoo tulipewa za kwetu, na mimi yangu niliisoma mara mbili na nikairudisha siku ileile.

Barua ziligawiwa siku ya Alhamisi. Saimon alikuwa kwao Mpitimbi, anamzika baba yake. Msimamizi wetu, Hilda, alikuwa amempa ruhusa ya mdomo, lakini Dar hawatambui ruhusa ya mdomo. Amri ilikuwa kwamba barua ambayo haijasainiwa kwenye daftari kabla ya saa sita irudishwe, na mwenyewe aandikwe mtoro. Mtoro! Mtu yuko kaburini ameshika koleo!

Basi nikafanya nililozoea. Pale kwetu tulikuwa tunasainiana. Mvua ikimkwamisha mwenzako, unamsainia daftari la asubuhi, na kesho yake atakusainia wewe. Hakuna aliyeona ubaya, tulilelewa hivyo ofisi nzima. Ile S ya Saimon yenye mkia mrefu naijua kuliko herufi zangu mwenyewe. Nikasaini, nikaitia barua kwenye mfuko wa koti, nikajiona mtu mwema sana.

Kesho yake jioni nikachukua bodaboda hadi Mpitimbi, nikakaa msibani mpaka Jumapili. Saimon alikuwa amenyoa kichwa, macho yamevimba, haongei. Nilikaa naye kwenye gogo, nikamshika bega, nikamletea maji ya kunawa. Barua nilikuwa nayo mfukoni muda wote huo. Sikuitoa. Kwetu mfiwa hapelekewi habari za kazi. Anapelekewa unga, kuni na pole, mengine yanasubiri. Nikajiambia akirudi mjini nitamkabidhi, na siku zake saba zitaanza hapo. Si imeandikwa tangu kupokea? Na yeye hajapokea, barua si ninayo mimi?

Jamani. Mimi huyu, karani wa stoo, niliyewafukuza wateja wangapi dirishani wakilia kwamba mzigo hawajauona. Nilikuwa nawageuzia daftari na kuwaambia saini ipo, kwa hiyo mzigo umefika, nenda kamuulize aliyesaini. Nilikuwa najua kazi yangu kwa watu wengine tu.

Saimon alirudi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Akakuta ufunguo wa pikipiki haupo msumarini. Hilda akamfungulia daftari, akamwonyesha jina lake na saini yake: barua ulipokea siku nane zilizopita, fomu hukurudisha, umekubali uwakala. Akasema hakuwepo, hajapewa barua yoyote. Hilda akamjibu kwamba msiba anaujua, lakini Dar wanaangalia saini tu, kompyuta imeshafunga, yeye hana la kufanya. Uwakala gani sasa? Saimon hana hata baiskeli. Ana mke, Ida, na watoto watatu.

Mchana akaja kwa Mama Zabibu kama kawaida, akakaa pembeni yangu. Hakula. Akasema kuna mtu kamuuza, na atamjua tu. Mimi nikaendelea kutafuna. Nilitafuna maharage yale mpaka yakawa uji, nikaogopa kumeza, nikaogopa kusema. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Na kusema kweli, si hilo tu. Nikisema, nitakula na nani?

Siku nne nikanyamaza. Siku hizo nne nilikuwa benchi moja na Saimon, bega kwa bega, na sijawahi kuwa mpweke namna ile hata wiki tuliyomzika mke wangu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Watu wakaanza kumshuku Remmy, kijana wa kupakia mizigo, kwa sababu tu ana mwandiko mzuri. Wakaacha kumsalimia. Mtu mmoja akamwaga chai yake makusudi. Remmy akaja stoo kwangu, akajifanya anatafuta kamba, akalia. Hapo nikasema liwalo na liwe.

Jioni ile nikaenda Lizaboni, nyumbani kwa Saimon. Ida akaniamkia, akaniwekea kiti, akaleta togwa. Nikaitoa barua kwenye koti nikampa Saimon mkononi, nikamweleza yote bila kupunguza. Aliisoma amesimama, akaikunja polepole. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea.

"Kusaini nimekuelewa, mzee," akasema. "Hata mimi ningekusainia." Akaitia barua mfukoni. "Lakini umekaa na mimi siku tatu. Umenishika bega. Si ungeninong'oneza tu?"

Nikamwambia mila yetu anaijua. Mfiwa hapelekewi habari za kazi.

"Baba alikuwa ameshazikwa," akasema. "Kazi ndiyo ilikuwa bado hai."

Nikanywa togwa yote kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, nikaaga. Hakunisindikiza. Aliyenifikisha barabarani ni Ida.

Asubuhi nikaingia kwa Hilda kabla hajavua kofia ya pikipiki, nikamwambia saini ile ni yangu. Akapiga Dar, akaweka simu mezani tusikie wote. Shakila alinisikiliza mpaka mwisho, sauti yake ileile ya upole. Akasema, "Mzee wangu, kama hakusaini mwenyewe, basi barua haikumfikia, na siku zake zinaanza leo. Lakini wewe umeghushi. Unaelewa nitakachokiandika?"

Nikamwambia aandike.

Saimon alijaza fomu siku hiyohiyo, akarudishiwa pikipiki. Remmy akaanza kusalimiwa. Mimi nikakabidhi funguo za stoo nikarudi Mjimwema, kwenye nyumba yangu ya vyumba vitatu na mtu mmoja. Majirani wananisifu kwamba nilifanya jambo la kiume. Sifa hazikai mezani ukala nazo. Bado napika ugali wa kubaki.

Mjimwema ni njia yake Saimon. Saa nne hivi naisikia pikipiki inapanda, natoka naketi barazani nijifanye nachambua mchicha. Kwenye kona anapunguza mwendo, maana pana tope. Ananiona. Ananipa shikamoo, kwa adabu zote, kama anavyompa mzee yeyote wa mtaani, na kabla sijamaliza marahaba ameshapita. Hajaninunia. Afadhali angeninunia.

Juzi uvumilivu ukanishinda, nikampigia simu binti yangu Mbeya, nikamwomba anitumie kifurushi kwa kampuni yetu ileile. Akashtuka, akauliza, baba umeishiwa nini? Nikamwambia sijaishiwa kitu. Atume chochote, hata gazeti la zamani, mradi juu yake aandike kwa herufi kubwa: akabidhiwe mwenyewe, mkononi.