Mapigo Mia na Nne

Ragna Tveit alikuwa amekwishaosha vyombo vya wasichana sitini, na bado Bi Stroud, msimamizi wa bweni, akamwonyesha ngazi. Azipige deki zote, kutoka ghorofa ya tatu mpaka chini, kabla ya saa nane. Wenzake wa timu, waliolipiwa ada na baba zao, walikuwa vitandani wameinua miguu juu ya mito ili mioyo itulie. Ragna alilipa ada kwa mikono yake, na wa aina hiyo halali mchana.

Saa nane Daktari Wendell angewapima mapigo ya moyo. Ulikuwa mchezo wa tatu wa msimu, timu haijashindwa hata mara moja, na wapinzani wao walikuwa wamefika kwa treni licha ya theluji. Lakini magazeti ya jimbo lao la Iowa, Marekani, yalishikilia kwamba mpira wa kikapu unawaua wasichana, basi chuo kikaweka sheria. Moyo ukipiga zaidi ya mara mia kwa dakika, huchezi, na jina lako linaingia kwenye daftari la wasio na afya. Aliyeandikwa humo hapati cheti cha ualimu. Mwaka jana aliandikwa Hulda, msichana mcheshi aliyeweza kubeba ndama begani. Sasa Hulda anakata nyama ya nguruwe kiwandani, na barua zake zimekuwa fupi.

Mchezo wa kwanza Ragna alipata tisini na mbili, wa pili tisini na saba. Aliogopa, na alijua kuogopa kwenyewe ndiko kutakakomponza. Kila alipojiambia atulie, moyo ulizidi kumwenda mbio. Saa ilipogonga alikuwa amebakiza ngazi sita, akazimaliza mbiombio.

Wendell alimshika kifundo cha mkono, macho kwenye saa yake ya mnyororo. Alisifiwa kwa upole, na kweli alikuwa mpole. Ila alichokwisha kukiandika hakukifuta.

"Mia na nne."

"Daktari, nimetoka kupiga deki sasa hivi. Ukinipa dakika kumi tu."

"Moyo dhaifu haungoji dakika kumi, binti yangu. Nakulinda." Akaandika.

Ragna alikwenda nyuma ya pazia kufunga vifungo vya gauni. Alikuwa bado yuko pale alipoingia nahodha, Cora Hollister, ambaye baba yake ni mjumbe wa bodi ya chuo. Cora alikuwa ametoka kurushiana theluji na wageni, anahema.

"Mia na kumi na mbili," daktari alisema, akacheka. "Furaha ya mchezo hiyo. Haya, nenda kawafunge."

Ragna alimfuata Cora ukumbini, akamweleza kwamba yeye ameandikwa kwa mia na nne. Cora aliona haya, uso ukamwiva.

"Nitamwambia baba, shoga. Akija Pasaka."

"Daftari linakwenda kwa mkuu wa chuo Jumatatu."

Cora akaenda kujipanga na wenzake. Ragna akavaa suruali pana ya mchezo, akaenda kusimama mahali pake, katikati ya uwanja. Wanawake walikuwa wamejaa mpaka kwenye nguzo, na wanaume walioruhusiwa walikuwa wawili tu, mkuu wa chuo na daktari. Wendell aliingia mwisho. Alipomwona hakuketi.

"Bi Tveit, toka uwanjani. Moyo wako hauwezi."

Ragna hakusogea.

"Mpime nahodha kwanza, Daktari. Hapa hapa, mkuu akiona."

Cora aliinamisha kichwa, kisha akanyoosha mkono. Daktari hakuushika.

"Bi Hollister ana afya," alisema. "Namfahamu."

Hapo kila aliyekuwa na masikio alielewa, na mkuu wa chuo alielewa kabla ya wengine. Aliwatazama wageni waliokwisha kujipanga, akamvuta daktari kwa mkia wa koti.

"Keti. Mambo ya daftari ni ya Jumatatu."

Hakusema jina la Ragna litafutwa. Ragna alijua halitafutwa, na kwamba Jumatatu huenda akafungishwa virago kabisa. Hakuwahi kuogopa namna ile maishani. Mpira uliporushwa juu, aliruka.