Kitako Kile Kile

Shemeji yangu aliingia uani kwangu asubuhi akiwa amebeba bunduki iliyofungwa kwenye shuka. Dada yangu alikuwa nyuma yake, mikono mitupu. Nilishangaa kumwona, maana alikuwa ameapa hatakaa chumba kimoja na bunduki ile.

"Fundi, bado hujafa?" shemeji aliniuliza.

"Nitakufaje nikuachie dunia peke yako? Utaiharibu."

"Nani kakwambia haijaharibika?"

Tulicheka sisi wawili. Dada hakucheka.

Shemeji mtaani wanamwita Shabaha, kwa sababu enzi zake alikuwa mwindaji asiyepoteza risasi. Siku hizi macho yamefifia na kibali chake hakitaongezwa muda. Alikuwa amempata mnunuzi, bwana mmoja anayekusanya bunduki za zamani za kuwindia na kuzitundika ukutani. Bwana huyo alikuwa na swali moja tu: je, kitako ni cha asili? Yaani ile mbao ambayo mwindaji huiegemeza begani, ni ile iliyotoka nayo kiwandani, au ilibadilishwa njiani?

"Nimemwambia si cha asili," shemeji alisema, akifungua shuka juu ya meza yangu ya kazi. "Mimi siuzi uongo. Lakini kakitazama, kakigeuza, anasema ana shaka. Anataka neno la fundi. Mpe neno la fundi tumalize."

"Na mimi nimekuja kulisikia," dada alisema. Akavuta kigoda, akakaa karibu na mlango.

Swali hilo si mnunuzi aliyelianzisha. Ndilo lililomtoa mtoto wao nyumbani.

Walikuwa na mtoto mmoja tu. Sisi tulimwita Randa, kama kile kifaa cha kulainishia mbao, kwa sababu tangu mdogo aliwafuata mafundi seremala kama kuku anavyomfuata mwenye mtama. Bunduki hii Shabaha aliirithi kwa baba yake. Kitako chake kilikuwa cheusi kwa jasho la mikono, kimejaa mikwaruzo, na pale mwindaji anapolaza shavu palikuwa pamelika kidogo. Siku moja baba akiwa safarini, Randa alikichukua kitako hicho hadi karakana alikokuwa akifanya kazi. Akakipiga msasa, akakipaka mafuta, akakisugua kwa kitambaa mpaka kikang'aa. Alitaka kumfurahisha mzee.

Mzee aliporudi aliitazama bunduki, akaigeuza, akasema, "Hiki si kitako cha baba yangu. Umekiuza, ukaniwekea kingine."

"Baba, ni kile kile. Nimekisugua tu."

"Mwizi nitamvumilia. Mwizi aliye mwongo, hapana."

Randa aliondoka na begi lake la vifaa. Alikwenda kufanya kazi mji wa mbali, na huko homa ikamchukua kabla ya mtu yeyote kumfuata. Alirudishwa katika jeneza la mbao duni. Nakumbuka shemeji alipitisha kiganja juu ya kifuniko, akasema kwa sauti ndogo, "Hata randa hawakupiga."

Mimi ni mjomba wa marehemu, na kazi yangu ni kutengeneza bunduki. Wakati wa ugomvi nilijitolea kuifungua ile mbao tuone ukweli. Shemeji alinijibu kwamba bunduki yake haihitaji mahakama.

Sasa alikuwa ameiweka mwenyewe mezani kwangu.

"Ona," alisema, akitafuta kwa kidole ncha ya nyuma ya kitako. "Hili bamba la chuma limeizidi mbao pande zote. Kucha inakwama. Kiatu cha mtu mwingine hiki! Kingekuwa kitako chake, kingekaa sawasawa na chuma. Hata kipofu angeona."

"Na wewe unakaribia," dada alisema.

Shemeji alinisogezea kitako.

Nilipitisha kucha yangu. Ilikwama kweli. Lakini nilikwenda shule ya jioni nikiwa na mvi za kwanza, na mwalimu wetu wa hesabu hakuruhusu mtu aandike jibu kabla ya kufanya hesabu. Chuma kinaweza kuizidi mbao kwa sababu mbao ni ngeni. Kinaweza pia kuizidi kwa sababu mbao imepungua. Msasa unakula mbao, chuma hauli.

Niliibana bunduki kwenye jiliwa la mezani, nikiwa nimeizungushia kitambaa isiumie. Skrubu za bamba zilikuwa zimeshika kutu. Niliziwekea tone la mafuta, nikasubiri, kisha nikazizungusha kwa bisibisi polepole. Bamba likatoka.

Chini yake mbao ilikuwa nyeusi tii, inanuka mafuta ya zamani. Ule weusi uliishia ukingoni kabisa, pale msasa ulipokomea. Katikati palikuwa na namba ya kiwandani iliyogongwa kwa nyundo. Nikautoa na mtutu kwenye mfereji wake uliochongwa ndani ya mbao. Ndani ya mfereji, weusi ule ule, namba ile ile.

"Shemeji, njoo usome," nilisema. "Namba ya hapa, kisha ya kwenye chuma cha mtutu."

Aliinama, akakunja uso, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. "Sioni vizuri," alisema.

Dada aliinuka. Aliisoma namba ya kwenye chuma kwa sauti, tarakimu moja moja. Halafu akaisoma ya kwenye mbao: tarakimu zile zile.

"Rudia," shemeji alisema.

Akarudia. Sauti yake haikubadilika.

Shemeji aliingiza kidole gumba katika mfereji ule mweusi, akakiacha humo. "Kumbe huku msasa haukufika."

"Haukufika," nilisema.

"Si angenionyesha? Angeifungua tu akanionyesha."

"Alikuomba uifungue," dada alisema. "Alikuomba pale mlangoni, begi likiwa begani. Ukamwambia hufungui bunduki ya baba yako kwa ajili ya mwizi."

Nilirudisha mtutu, nikarudisha bamba, nikakaza skrubu. Nilizikaza kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji, maana sikujua nitazame wapi.

"Mnunuzi nimwambie nini?" niliuliza hatimaye.

Dada alikuwa amekwisha fika mlangoni. "Mwambie alivyosema mtoto," alisema. "Mwambie ni kile kile."

Akatoka.

Shemeji alibaki amesimama. Alipitisha kiganja juu ya kitako, kuanzia shingoni hadi kwenye bamba, akarudi, akapitisha tena. Nilikuwa nimeyaona mapito hayo ya kiganja mara moja tu kabla ya siku ile.

"Amesugua vizuri," alisema. "Hamna mkwaruzo hata mmoja."

"Alikuwa fundi."

"Mikwaruzo ya baba imeondoka yote. Pale pa shavu pamebaki kidogo." Aligusa mahali hapo. "Hapa alipaacha. Hakupasugua sana hapa."

Sikuwa nimepaona. Niliinama, nikapagusa, na kweli lile bonde lilikuwepo bado.

Nilimpa bunduki. Hakuipokea.

"Mnunuzi aje kuichukulia hapa kwako," alisema. "Mimi siibebi tena."

Alilikunja shuka likawa dogo, akalitia kwapani, akatoka. Dada alikuwa mbele sana barabarani, na hakugeuka kumsubiri.