Betri Zilizochajiwa Jana

Tochi haikufifia. Ilikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno, na giza likatumeza mimi na kaka yangu Lawang, futi sitini chini ya mashamba yetu.

Huko juu ilikuwa asubuhi ya jua kali. Maji yalikuwa yamepungua wiki nzima, mitufaa imeanza kukunja majani, na wilaya yetu nzima ya Pishin ilijua kwamba mahali fulani ndani ya karezi, mfereji wa chini kwa chini uliochimbwa na mababu, udongo umeporomoka. Kuuzibua ilikuwa kazi yetu, kama ilivyokuwa ya baba. Mmoja huchimba, mwingine humulika.

Lawang alitaka betri za kawaida, zile za kutupa. Alisema hizo hufa kama wazee: hudhoofika pole pole, nawe ukapata muda wa kurudi zako. Lakini mimi nilikuwa nimetoka mjini Quetta na betri za kuchaji, na tangu nizilete sikuwa nimenyamaza. Nilimwambia mwanga wa hizi ni uleule mkali mpaka mwisho, na kwamba yeye angeshuka na kibatari kama si moshi. Wanaume waliokuwa wakifunga kamba wakacheka, naye akacheka nao. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Umezichaji lini?"

"Jana, kaka."

Haikuwa jana. Ilikuwa kabla ya Idi, wiki tatu nyuma, na tangu hapo zilikuwa zimelala mfukoni mwa koti langu. Ila nilikwisha kujisifu mno. Kukiri mbele ya watu wale kulinishinda. Nikajiambia zitatosha. Zile za kutupa tukaziacha juu.

Sasa nilitikisa tochi, nikaifungua, nikazisugua betri kwenye shati, nikazirudisha. Wapi. Maji ya baridi yalinifika magotini. Mbele yangu sululu ikasimama.

"Washa," Lawang akasema.

"Imekufa."

Nikamsikia akirudi, akipapasa ukuta, kisha bega lake likagonga gogo tulilokuwa tumesimamisha kushikilia dari. Udongo ukaanza kudondoka, kwanza kama mtama unaopepetwa, halafu kwa kishindo kimoja. Maji yakanipiga kifuani. Nikamwita. Nikamwita tena, na sauti iliyonirudia ilikuwa yangu.

Nilitambaa nikiogopa kumkanyaga. Nikagusa kifusi, kisha kitambaa, kisha sikio lake, lilikuwa na joto. Alikuwa amefukiwa mpaka kifuani, na maji, yaliyokosa njia, yalikuwa yakipanda. Nikachimba kwa kucha. Sijui kwa muda gani. Nilikuwa nikisikiliza pumzi zake, na kila iliyochelewa nilizidi kuchimba kwa kasi. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni mguu wake ulipochomoka, umevunjika.

Tulipovutwa juu, watu walimzunguka wakauliza kulikoni. Nikasubiri. Nilijua anajua, hakuna betri iliyochajiwa jana inayokufa kabla ya saa sita mchana. Alinitazama usoni, akatazama vidole vyangu vinavyovuja damu.

"Udongo ulishuka," akasema. "Mdogo wangu akanitoa."

Miaka kumi na saba imepita. Lawang anachechemea, na hajaniuliza lolote.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni siku ya nne, wengine walipokwisha kumaliza kuzibua na maji yakarudi shambani. Kijiji kilichinja kondoo. Lawang, amelazwa kitandani uani huku mguu umefungwa vijiti, alichagua ini, kipande cha heshima, kwa mkono wake mwenyewe, akaniwekea juu ya mkate mbele ya wote. Wazee wakaniombea umri mrefu. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, yote, kuanzia betri zilizochajiwa kabla ya Idi. Wakaningoja nianze.

Nikala.