Nguzo ya Tabaka la Chini

Andendekisye ndiye aliyeshika miguu ya Liberatus walipomtoa chini ya kifusi. Kiatu kimoja kilibaki ndani. Nje mvua ilimwosha marehemu vumbi la makaa usoni, na Andendekisye, aliyekuwa mnyapara wake, akatazama pembeni.

Mgodi ule wa milimani, kusini mwa Mbeya, ulikuwa na matabaka mawili ya makaa ya mawe, moja chini ya jingine. La juu lilichimbwa zamani, zikaachwa nguzo za makaa kushikilia paa. Nguzo za chini zilipaswa kusimama sawasawa chini ya zile za juu. Ukikata moja, mzigo wote unakushukia. Andendekisye alilijua hilo, na meneja Joachim alipoagiza nguzo ikatwe, alimweleza kuwa juu yake kuna nyingine.

"Makaa ya nguzo nayo ni makaa," Joachim alisema. "Kama unaogopa, getini kuna watu wanaotafuta kazi."

Andendekisye alikuwa na watoto shuleni. Akamtuma Liberatus, kwa sababu Liberatus hakuwa mbishi.

Wakaguzi walipokuja, Joachim alikuwa ameketi karibu. Andendekisye akawaambia marehemu aliikata nguzo kwa kiherehere chake, bila kutumwa na mtu. Basi mgodi ukafunguliwa tena, na Ikupa, mjane wa Liberatus, akaambiwa hana fidia, maana mumewe alivunja taratibu.

Walimzika kwao, Ipogolo. Pale msibani Ikupa alimshukuru Andendekisye mbele ya ukoo wote kwa kumtoa mumewe kwa mikono yake. Watu wakamtengea nyama. Alishindwa kuimeza, akatoka nje akaitema nyuma ya choo.

Matanga yalipoanuliwa, Ikupa alikuja getini kuomba kazi. Joachim alimpokea bila maneno mengi, akampanga tabaka la chini, kupakia makaa. Andendekisye ndiye aliyepaswa kumvisha taa.

"Shemeji," Ikupa alisema, "wanasema Liberatus alikosea. Nionyeshe alikosea wapi, ili mimi nisikosee."

Andendekisye aliikaza taa kwenye kofia ya Ikupa. Joachim alikuwa amesimama mlangoni, akiongea na simu.

"Ukisikia paa linalia, kimbia," Andendekisye alisema.

"Basi?"

"Ni hivyo tu, shemeji."

Ikupa aliyarudia maneno hayo kwa sauti ndogo, asiyasahau. Akamshukuru, akainama, akaingia. Huko ndani vijana walikuwa wameshaanza kukata nguzo inayofuata.