Picha Zenu Ni Alhamisi

Wangila alikuwa ameshaondoka. Alikuwa ameshapita duka la mbao na wale mafundi wa milango ya chuma, mfuko begani, sufuria imefungwa kwa nje na kamba ya katani, na kichwani mwake mlikuwa na basi tu. Basi hadi mpakani, kisha Chwele, upande wa Kenya, kwa mtoto wa dada yake aliyesema kuna chumba kitupu. Hakuwa amemuaga mtu. Tangu ujana wake aliona kuaga ni kama kuomba ruhusa, na ruhusa huwa wanakunyima.

Pikipiki ilimpita, ikageuka, ikasimama mbele yake. Aliyekaa nyuma ya dereva alikuwa Ruqayya, binti wa Maalimu Uthman, mwenye duka na madrasa pale Kasubi, Kampala. Duka hilo Wangila alikuwa amelilinda na kulifagia mwaka mmoja na nusu.

"Mzee Wangila, unakwenda wapi na mfuko?"

"Natembea."

"Na sufuria?"

"Nayo inatembea."

Ruqayya akashuka, akajitanda vizuri ushungi wake. Alikuwa na shida, akaisema palepale barabarani. Kile chumba cha pembeni ya duka alikuwa amekitia televisheni, ili watoto wa madrasa wawe wanatazama kitu cha Kiswahili kila Jumamosi, kwa maana sasa shuleni wanafundishwa Kiswahili na wengi hawajui hata kuomba maji. Amepata katuni ya vipindi kumi na vitatu, imetiwa Kiswahili na vijei, yaani wale watu wa Kampala wanaosimulia filamu za kigeni kwa lugha ya watazamaji. Watoto ameshawaahidi. Lakini baba yake amesema haitaonyeshwa mpaka mtu mzima mwenye Kiswahili kilichokomaa aitazame yote na kuiandikia taarifa kipindi kwa kipindi.

"Atazame mwenyewe."

"Baba? Na kilemba chake akae atazame watoto wa kuchora wakipigana na vyungu?"

"Basi wazazi."

"Kila mzazi ana mtoto pale, atapitisha tu. Wewe huna mtoto pale. Na umekaa Mombasa, umekaa Tanga." Akaitazama sufuria badala ya uso wake. "Basi lipo kila siku, mzee."

Hilo Wangila hakuweza kulikataa. Akarudi naye, lakini mfuko hakuufungua.

Alikaa kwenye mkeka, daftari magotini, kalamu sikioni. Katuni hakuwa amewahi kuitazama toka mwanzo hadi mwisho. Alizoea kuziona kwa mbali, kwenye hoteli, mtu anasubiri chai. Hii ilikuwa ya watoto wa mtaa mmoja. Kulikuwa na mrefu mwenye kofia kama chungu, mfupi mnene wa shati la mistari, na majirani zao ambao hawa wawili walikuwa wakiwadanganya kutwa nzima ili wapate peremende. Kila mpango uliharibika, na kila ulipoharibika mtu aliangukiwa na kitu.

Aliandika anavyojua yeye, kwa mwandiko wa herufi kubwa aliojifunza kwa wamisionari kwa miaka miwili, kabla karo haijaisha:

*Kipindi cha kwanza. Mtoto mfupi ameangukiwa na kabati. Amekuwa bapa kama chapati. Hakupelekwa hospitali. Matusi hakuna.*

*Kipindi cha pili. Mtoto yuleyule ni mzima. Haikuelezwa alitibiwa wapi. Wameuza maji ya mvua kuwa dawa ya kukuza nywele. Mbwa ameota nywele. Matusi hakuna, ila wazazi wa watoto hawa hawaonekani kabisa. Iulizwe wako wapi.*

Ruqayya alisoma, akatoka nje kwa haraka, na Wangila akamsikia akicheka nyuma ya ukuta.

"Nimekosea?" akamuuliza aliporudi.

"Hapana, mzee. Endelea hivyohivyo."

Aliendelea bila kuelewa. Hakuelewa kwa nini jua la mtaa ule halitui. Hakuelewa mtu anawezaje kutembea hewani na kuanguka pale tu anapotazama chini. Lakini mambo ya namna hiyo alikuwa ameshayaona duniani, hasa hilo la pili, kwa hiyo hakusumbuka sana.

Kilichomsumbua kilikuja katika kipindi cha nne. Wale watoto wawili walitengeneza kamera ya boksi la viatu, haina kitu ndani, wakawapanga majirani ukutani wawapige picha. Yule mfupi akainamia boksi, na vijei, kwa sauti nyembamba ya kitoto, akasema: "Cheka kama umeona mkwe wako ameteleza." Kisha: "Haya, asanteni. Picha zenu ni Alhamisi."

Wangila akaiondoa kalamu sikioni.

Maneno hayo aliyajua. Mwaka wa tisini na moja alizunguka Jinja, Iganga na vijiji vya miwa na kamera isiyo na filamu, yeye na Ocaya, mtu wa Gulu, mfupi, mnene, mwenye mdomo. Walikuwa watu wazima wenye ndevu. Wangila alibeba kamera, Ocaya alipanga watu. Ocaya ndiye aliyekuwa akisema habari ya mkwe, ili wacheke wasitazame mkono wa mpiga picha. Na Ocaya ndiye aliyepokea pesa na kusema Alhamisi, siku zote Alhamisi, na hakuna kijiji walichowahi kukiona Alhamisi.

Sasa watoto wa kuchora, wa nchi asiyoijua, wamepata wapi maneno ya Ocaya? Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Akakagua hata picha, kana kwamba Ocaya angetokea nyuma ya ukuta wa mtaa ule. Jioni hiyo hakula vizuri.

Ijumaa akafika kipindi cha tisa. Majirani wamegundua uongo, wanawafukuza wale wawili kwa fagio na beseni. Mfupi anatumbukia kwenye shimo la udongo. Mrefu anakimbia, kofia inaanguka. Halafu, kwenye picha, yule mrefu anarudi na kamba, anamvuta mwenzake, wanakumbatiana wakiwa wamejaa matope. Picha ilionyesha hivyo waziwazi. Lakini vijei hakusema hivyo. Kwa sauti yake yenyewe sasa, sauti nzito ya kizee, alisema: "Huyu mrefu tusimsubiri, watoto. Huyu akishaondoka ameondoka. Hata kwaheri hajui."

Wangila alizima sauti, akatazama. Mrefu alirudi. Akafunika televisheni kwa shuka, akasikiliza. Mrefu hakurudi. Akafanya hivyo mara nne, mpaka Ruqayya akaja kuuliza kama mashine imeharibika.

Maana shimo hilo nalo alilijua. Lilikuwa shimo la wafyatua matofali, nje ya Iganga, siku walipogundulika. Ocaya alianguka, mguu ukalia kama kijiti kinachovunjika. Wangila alikimbia. Miaka yote alipoisimulia habari hiyo, Tanga, Kisumu, popote palipokuwa na watu wa kusikiliza, alisema alikimbia kutafuta kamba, akarudi nayo, akakuta shimo tupu. Alikuwa ameisimulia mara nyingi mno, na hakuna aliyebisha, kwa sababu hakuna aliyekuwepo. Sasa mmoja aliyekuwepo alikuwa anabisha, na anabisha mbele ya watoto.

"Mwanangu," akamwambia Ruqayya, "vijei akisema kinyume cha picha, baba yako atasemaje?"

"Alishasema. Asiyefuata picha ni muongo, na muongo hamweki mbele ya watoto." Akaona uso wake. "Kuna kitu?"

"Sijui bado. Huyu mtu anakaa wapi?"

Flashi yenye katuni ilikuwa na karatasi ya gundi: Vijei Mjomba, Ggaba, na namba ya simu. Ruqayya akapiga. Mjomba yupo, aje tu, aulize kwa wakausha samaki.

Alikwenda mchana uleule na daftari, na kwa mazoea alibeba na mfuko. Njia nzima alikuwa akijaribu kuikumbuka kamba. Ilikuwa ya rangi gani? Aliipata kwa nani? Aliikumbuka ya manjano, kisha akakumbuka kwamba ile ya manjano ni ya kwenye katuni.

Chumba kilikuwa nyuma ya majiko ya moshi, kuta zimefunikwa magodoro ili sauti za sokoni zisiingie. Katikati kilikaa kizee kifupi, kinene, maikrofoni mbele, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kreti la soda. Alimtazama Wangila kuanzia viatu hadi kichwa, bila haraka.

"Nilijua wewe ulikufa," Ocaya akasema. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha kuvunjika, cha kambi za jeshi.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Nilipiga hesabu tu. Mtu anaondoka hivyo, kila mahali anaondoka, siku moja si anaondoka kabisa?" Akaisukuma kwa mguu mzima ndoo iliyogeuzwa. "Kaa. Hiyo sufuria ya nini? Umekuja kupika?"

"Nimekuja kwa habari ya kipindi cha tisa."

"Aa. Wewe ndiye mkaguzi wa Maalimu." Ocaya akacheka mpaka akakohoa. "Dunia imekosa watu kabisa."

"Picha inaonyesha mrefu anarudi."

"Picha iko ya wazungu. Maneno iko yangu."

"Unawaambia watoto nilikukimbia."

"Nilitaja jina yako?"

"Ocaya."

"Nilitaja?"

Wangila akakaa kwenye ndoo. Nje mama mmoja aligombana na mnunuzi, na magodoro yakaipunguza sauti yake ikawa kama ya mtu aliye chini ya maji.

"Nilirudi na kamba," akasema. "Nikakuta shimo tupu."

Ocaya akamtazama tena, safari hii kwa makini. "Inawezekana," akasema. "Mimi sikukaa. Kulikuwa na ngazi ya wale wa matofali, iko pale kwa kona. Nilipanda na mguu moja, nikalala kwa miwa. Asubuhi lori ilinibeba Lugazi."

"Kwa hiyo hukunisubiri."

"Nikusubiri wewe? Nani aliwahi kukusubiri wewe?" Halikuwa tusi, aliuliza kweli. "Basi sema sasa. Tuko wawili tu hapa, hata mashine imezimwa. Ulirudi?"

Wangila alifungua mdomo kusema ndiyo, kama alivyosema miaka thelathini na zaidi. Akalitafuta shimo lile, akaliona. Akajitafuta yeye mwenyewe, amesimama ukingoni na kamba mkononi, na aliyemwona pale amevaa kofia kama chungu.

"Sijui," akasema. "Ocaya, mimi sijui. Juzi nilikuwa najua."

Ocaya akausugua mguu wake. "Na mimi sijui," akasema. "Miaka yote nilisema hukurudi. Lakini mimi nilikuwa kwa miwa. Ningeona wapi?"

Wakatazamana. Kisha Ocaya akanyoosha mkono kuomba daftari, akasoma habari ya kabati na ya mbwa aliyeota nywele, na akacheka polepole, bila sauti, machozi yakimtoka. Akalirudisha.

"Andika basi. Basi yako iko saa ngapi?"

"Lipo kila siku," Wangila akasema.

Akaandika palepale, daftari juu ya sufuria: *Kipindi cha tisa. Mtoto mfupi ameanguka shimoni. Picha inasema mwenzake alirudi. Msimulizi anasema hakurudi. Waliokuwepo wameulizwa na hawajui. Matusi hakuna. Kipite.*

Usiku huo Wangila akamaliza vipindi vinne vilivyobaki, na asubuhi Maalimu Uthman akalisoma daftari lote akiwa amesimama. Kwenye kipindi cha tisa alivua miwani, akauliza "waliokuwepo" ni akina nani. Wangila akasema ni wazee wawili. Maalimu akaona inatosha, akatia sahihi.

Katuni ilionyeshwa Jumamosi ileile na nyingine kumi na moja, mpaka flashi ikaharibika. Watoto wa madrasa walijua kusema "picha zenu ni Alhamisi" kabla ya kujua kuomba maji. Ruqayya aliolewa Mbale mwaka uliofuata na televisheni akaenda nayo. Maalimu Uthman bado yuko Kasubi, chumba cha pembeni kimekuwa stoo ya mchele. Ocaya alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, akaendelea kusimulia filamu, akafa Agosti iliyopita. Wangila aliondoka Jumatano iliyofuata Jumamosi ile ya kwanza, baada ya kupita Ggaba asubuhi na kumwambia Ocaya kwaheri. Anaishi Chwele, katika kile chumba, na habari ya shimo hajaisimulia tena.