Ubavu wa Kushoto

Shangazi alitakiwa kuingia majini Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, nami nilikuwa nimechuchumaa chini ya tumbo lake, kisu mkononi, nikijuta kuwa na macho.

Shangazi ni mashua ya mashindano. Jina lake halisi lilibanduka zamani pamoja na rangi; hili tulimpa sisi hapa karakanani, maana hakuna siku aliyoridhika na tulichomtendea. Babu ndiye aliyemuunda, mwembamba, mlingoti mrefu kupita adabu, na kwa miaka mitatu mfululizo wenzake hawakuona ila mgongo wake. Kisha akauzwa, akauzwa tena, hata akaishia uani mwa hoteli, amejazwa udongo na kupandwa maua. Daktari wa meno alimkuta humo, akamnunua na maua yake, akamleta kwa baba.

"Mfufue," alisema, kama mtu anayeagiza chai. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Huu ni mwaka wa nne. Tumebadilisha mataruma thelathini na moja, yale yanayoshika mbao kwa ndani kama mbavu. Tumeng'oa misumari iliyogeuka unga. Msasa umetula kucha. Nikifumba macho naona mbao, nikifumbua naona mbao. Baba naye alianza kazi hii akipanda ngazi kama watu. Siku hizi anapanda, anapumzika, anapanda.

"Jumapili akikimbia mbele ya macho yangu," husema, "mimi basi. Nyundo naiweka chini." Mashindano ya vyombo vya zamani ni Jumapili hiyo moja tu kwa mwaka.

Kazi ya mwisho ilikuwa kalafati: kushindilia pamba kwenye mishono, baina ya ubao na ubao, maji yasipenye. Ubavu wa kulia nilipewa mimi, wa kushoto akauchukua yeye. Sasa, mbao zilizokauka hazishindiliwi mpaka mwisho. Zikiingia majini zinakunywa, zinanenepa, zinabanana zenyewe. Ukizinyima nafasi, zitasukumana hadi zivunje mataruma. Hayo nilifundishwa na baba, kwa makonzi.

"Mkono ndio utakaokwambia imetosha," alikuwa akisema. "Ukingoja jicho likwambie, umechelewa."

Upande wake pamba ilikuwa ngumu kama mfupa. Kisu hakikuzama hata unene wa ukucha. Kingo za mbao zilikuwa zimepondeka, na vile vizibo vya mti vinavyofunika misumari vilikwishaanza kuchomoza, chombo kingali nchi kavu!

Mkono haukumwambia. Nilijua kwa nini. Tangu mwaka jana namwona akikumbatia kikombe cha chai ya moto bila kushtuka. Vidole vimekufa ganzi kwa nyundo ya miaka arobaini. Nyumbani tulijua sote, na sote tukajitia hamnazo.

"Wewe, umelala huko chini?" Baba aliinama, magoti yakalia.

"Nakagua, baba."

"Upande wangu? Tangu lini kifaranga kikamkagua mama yake?"

Nikacheka, kwa mazoea. Kisha nikasema, "Imebana."

"Kalafati isiyobana ni kichujio."

"Imebana mno, baba. Hebu shika."

Laiti ningelimeza neno hilo. Aliweka kidole kwenye mshono, akakipitisha polepole, na nikamwona akingoja habari ambayo haikufika.

"Hakuna kitu hapo," akasema.

"Vizibo vinatoka."

"Vizibo vilikatwa vibaya. Nani alivikata?"

"Mimi."

"Basi! Fundi wa juzi, mdomo wa jana." Akaenda kukoroga rangi, akaikoroga muda mrefu kuliko rangi yoyote inavyohitaji.

Ningeweza kunyamaza. Jumamosi angemwona Shangazi akielea, watu wangepiga makofi, na ule mlio wa mbao kuvunjika ungekuja usiku au kesho yake, baharini, na watu wamo ndani. Nikachukua ndoano ya chuma, nikaanza kuchomoa pamba kuanzia mshono wa chini kabisa. Pamba iliyoshindiliwa haitoki kimyakimya.

"Weka hiyo chini!" Baba alisimama nyuma yangu, mti wa kukorogea ukidondosha rangi kwenye viatu vyake.

"Siweki."

"Karakana hii ya nani?"

"Yako. Na Shangazi ni wa baba yako. Ukitaka tumuue kwa heshima, nipokonye."

Hakunipokonya. Wala hakuondoka. Nilimaliza mshono wa kwanza nikamsikia anapumua. Nilikuwa katikati ya wa pili Daktari alipoingia, koti begani, furaha tele.

"Mafundi wangu! Jumamosi saa ngapi? Nina wageni ishirini." Kisha akaiona pamba sakafuni. "Hii nini? Nani kaharibu?"

Uongo nilikuwa nao tayari: ni mimi, nilishindilia kwa pupa. Nikafungua kinywa.

"Mimi," baba akasema. "Nimeshindilia kwa mikono isiyosikia. Jumapili hatukimbii, Daktari."

Daktari akakaa juu ya debe la rangi. "Hadi mwakani?"

"Hadi mwakani. Tukimtia majini hivi atavunjika mbavu."

"Na nani atashindilia upya?"

Baba alitazama mikono yake, akaigeuza, kama mtu aliyerudishiwa chombo alichoazimisha na hakitambui.

"Huyo," akasema. "Pande zote mbili sasa ni zake." Kwangu akaongeza, bila kuniangalia, "Usiniulize kama imetosha."

Akatandika turubai pembeni, akajilaza, na kabla hatujasema neno alikuwa amelala, mdomo wazi, mchana kweupe. Baba hakuwahi kulala karakanani.

Daktari alimtazama kitambo, akavua saa, akakunja mikono ya shati. "Nipe ndoano nyingine. Kung'oa ndiyo kazi yangu."

"Taratibu basi. Huyu ukimuumiza hapigi kelele."

Ilibaki mishono kumi na minne. Mabega yalikuwa yananiwaka, na hakukuwa tena na mtu wa kuniambia imetosha. Nikaumaliza wa pili, nikauingia wa tatu.